Apt Ikisema Hapana, Wacha Kulazimisha

Leo nitaanza na watengeneza video wenzangu, halafu nikuje kwako wewe unayesoma. Wasee, zile klipu zetu za "rekebisha Ubuntu yako kwa dakika moja", ambapo kila shida inaisha kwa komandi moja yenye neno force ndani, zinaharibia watu mashine. Na si mainjinia wenye laptopu mbili na nyingine ya kazini. Ni yule mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye ex-UK moja, RAM ya GB 4, betri ya dakika 40, na bando inayoisha saa sita usiku. Huyo ndiye anakopi, anapesti, anabonyeza Enter, na asubuhi anaamkia skrini nyeusi yenye maandishi meupe.

Na hao wamekuwa wengi. Microsoft walifunga usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa za majuzi na chipu ya TPM 2.0, vitu ambavyo laptopu nyingi za mtumba hazina. Kwa hivyo watu wakahamia Linux, wengine kwa kupenda, wengine kwa kukosa njia. Karibuni sana. Lakini kuna jambo hamkuambiwa mlangoni: huku programu haiji peke yake na mabegi yake yote. Inakuja na orodha ya wale inaowahitaji. Kivinjari kinaazima maktaba ya kuchora picha kutoka kwa mtu, maktaba ya usalama wa mtandao kutoka kwa mwingine, maktaba ya sauti kutoka kwa mwingine tena. Maktaba moja inahudumia programu mamia. Ndio maana Linux inaingia kwenye diski ndogo, na ndio maana shimo la usalama likizibwa kwenye maktaba moja, programu zote zinazoitumia zinapona siku hiyo hiyo.

Ndio maana pia kuna ugomvi. Unaomba kitu kimoja tu, na apt inakurudishia ujumbe mrefu wa kizungu kwamba kuna utegemezi haujatimizwa, ati una pakeji zilizovunjika na zimeshikiliwa. Wewe unajiuliza, nimeshikilia nini mimi?

Msimamo wangu ni huu: ile "hapana" ndiyo taarifa ya maana zaidi utakayopata siku hiyo. Ukiilazimisha inyamaze, hujatatua kitu. Umemfukuza tu mtu wa pekee aliyekuwa anajua nani anamdai nani.

Ili uone kwa nini nasema hivyo, lazima uelewe mambo ya mpangilio, yaani nani anatangulia nani. Tuchukue mjengo. Mtu anajenga nyumba Kitengela. Kuleta vifaa ni kitu kimoja, kujenga ni kingine. Mabati yanaweza kufika kabla ya mawe yakae pale kando chini ya turubai, hakuna shida. Lakini huwezi kupiga slabu kabla ya msingi, na huwezi kuezeka hewa. Kwenye Debian, Ubuntu, Mint na ndugu zao, fundi wa kazi za mikono anaitwa dpkg. Ni mzee, ameanza 1994. Anafanya kazi kwa awamu mbili. Kwanza anafungua pakeji na kumwaga faili zake kwenye diski. Hiyo ni kuleta vifaa. Halafu anaisetisha: anawasha huduma, anaunda akaunti za mfumo, anaandika mipangilio. Hiyo ndiyo kujenga.

Ndani ya kila pakeji kuna kijifaili cha maelezo ambacho watu wengi hawajawahi kukifungua. Pakeji ikiandika Depends pale ndani, inasema: nimwageni saa hii mkitaka, lakini msinisetishe kabla mwenzangu hajawa tayari. Ikiandika Pre-Depends, inaongea kwa ukali zaidi: hata msinifungue kabla mwenzangu hajakamilika. Hiyo ni kama lori la mchanga ambalo haliwezi kuingia ploti kabla ule mtaro wa mbele haujawekewa daraja. Kuna Conflicts, maanake mimi na yule hatulali nyumba moja. Na kuna Breaks, ambayo huwa inasema kitu cha ungwana kidogo: mkinileta mimi, lile toleo la zamani la fulani litaacha kufanya kazi, kwa hivyo mpandisheni naye pia.

Sasa dpkg hajui kutafuta vifaa. Hana simu, hana lori. Ukimpa pakeji moja mkononi, anaangalia kama wanaotakiwa wapo, na kama hawapo anakuambia. Ni hayo tu. Ndio maana ikaja apt mwaka 1998: msimamizi wa mjengo. Apt inasoma ahadi zote za pakeji zote, inapanga nani aje na kwa mpangilio gani, inapakua, halafu inamkabidhi dpkg kazi kwa utaratibu.

Umeona sasa ukiandika dpkg na --force-depends, ama ile kubwa yao --force-all, umefanya nini? Umempita msimamizi, ukamwendea fundi moja kwa moja, ukamwambia: wewe piga slabu, mambo ya msingi tutaona. Na fundi atapiga. Hiyo ndiyo noma yenyewe. Atapiga, na slabu itakaa vizuri hadi kitu kizito kiwekwe juu. Na kuanzia siku hiyo kila ukiomba apt ikuwekee chochote, hata kikokotoo, itakataa, kwa sababu daftari lake linaonyesha kuna mtu ndani ya nyumba ambaye deni lake halijalipwa. Ukiiambia irekebishe yenyewe, mara nyingi dawa yake itakuwa kung'oa kile kile ulichokilazimisha.

Kuna watu watakuja kwa komenti kusema, "mimi nililazimisha na ikafanya kazi." Sawa. Nawaamini. Hapo ndipo mambo yanachanganya, kwa hivyo wacha tukae nalo kidogo.

Kama ulikuwa unajifunza kutengeneza tovuti karibu 2022, labda ulipatana na hii. Ubuntu 22.04 ilitoka Aprili mwaka huo ikiwa na OpenSSL 3, maktaba ya kulinda mawasiliano ya mtandao. Ile ya zamani, pakeji inaitwa libssl1.1, ikatolewa kwenye ghala, ikawekwa libssl3. Lakini pakeji za MongoDB za wakati huo zilikuwa bado zimeandika kwamba zinataka libssl1.1. Unaomba MongoDB, apt inasema: inategemea libssl1.1, na hiyo siwezi kuiweka. Intaneti nzima ikajaa dawa moja: nenda kwenye ghala la Ubuntu ya zamani, chukua faili ya libssl1.1, iweke kwa mkono. Na ilifanya kazi, bila mashine kulipuka.

Kwa nini? Kwa sababu waliopanga maktaba hizo walizipa majina tofauti makusudi. libssl1.1 na libssl3 zinaweza kukaa nyumba moja bila kugusana sahani. Kwa hivyo aliyefuata hiyo dawa hakuvunja ahadi ya mtu. Alichofanya ni kuleta mgeni ambaye hayuko kwenye daftari la msimamizi, kwa maana ghala la toleo lake halitamletea maktaba hiyo maboresho tena. Na usaidizi wa kawaida wa OpenSSL 1.1.1 uliisha tarehe 11 Septemba 2023. Kuna mashine hadi leo zina hiyo maktaba ndani, mwenyewe alisahau kitambo, na ndiyo inayoshughulikia mambo ya siri. Baadaye MongoDB wakatoa pakeji zilizojengwa kwa ajili ya 22.04, na shida ikaisha yenyewe kwa waliongoja.

Sasa linganisha na mtu anayeona ujumbe kwamba programu yake inataka GLIBC mpya kuliko aliyonayo. Klipu inamwambia: ongeza mstari wa toleo jipya zaidi kwenye faili ya maghala, halafu weka libc6 kutoka huko. Kwa macho, ni dawa ile ile. Kwa mashine, ni kama kuambia keateka ang'oe nguzo ya kati kwa sababu umepata ingine nzuri. libc6 haina majina tofauti kwa kila toleo. Ni moja tu kwa mashine, na karibu kila kitu kinaisimamia: bash, apt yenyewe, hadi komandi ya ls. Ukiipandisha peke yake, inaanza kuvuta wengine wapande nayo, na hao wanavuta wengine, na wale walioandika kwamba wanataka toleo kamili la zamani wanakataa. Unaishia na mfumo nusu wa mwaka huu, nusu wa mwaka juzi. Watu wa Debian wana jina la mfumo kama huo: FrankenDebian, kama lile jitu la kushonwashonwa kwa vipande vya maiti. Wana ukurasa mzima wa kuonya watu kuhusu hilo. Unaitwa DontBreakDebian, usivunje Debian, wazi hivyo.

Kwa hivyo dawa mbili zinafanana kwa nje, moja ni homa na nyingine ni ajali. Utajuaje tofauti? Ni kwa kusoma ule ujumbe tu. Jina la pakeji liko pale, toleo linalotakiwa liko pale, lililopo liko pale. Klipu ya sekunde 60 haina nafasi ya kukueleza hilo, na aliyeirekodi hajui mashine yako ina nini.

Mfano mkubwa wa haya yote unajulikana dunia nzima, na bado watu wanaugombania. Mwishoni mwa 2021, Linus Sebastian, yule Mkanada wa Linus Tech Tips kwenye YouTube (si Linus Torvalds aliyeanzisha Linux, msichanganye), alijipa changamoto ya kutumia Linux nyumbani kwa mwezi. Akachagua distro ya Pop!_OS. Alichotaka ni Steam tu, acheze gemu. Duka la programu likakataa. Akaenda kwa terminali akaiomba apt. Apt ikampa orodha ndefu ya vitu itakavyoondoa ili Steam iingie, na ndani ya hiyo orodha mlikuwa na desktopu yenyewe. Ikamwonya kwamba anakaribia kufanya kitu kinachoweza kuwa na madhara. Ikamwambia kama ana uhakika aandike kwa kizungu, neno kwa neno, "Ndiyo, fanya ninavyosema!" Akaandika. Desktopu ikaenda. Mbele ya mamilioni ya watu.

Upande mmoja ukacheka: si ulionywa, kwani hujui kusoma? Upande mwingine ukasema hakuna mfumo wa akili timamu unaotupa skrini ya mtu nje kwa sababu ameomba gemu. Mimi nimekaa na hii hadithi muda mrefu na naona pande zote mbili zilikimbia hatua moja.

Angalia kilichotokea chini. Steam inahitaji maktaba za biti 32. Kwenye familia ya Debian, maktaba moja ikiwekwa kwa biti 64 na biti 32 kwa pamoja, lazima zote mbili ziwe toleo lile lile kabisa, kwa sababu zinashiriki baadhi ya faili. Siku hiyo kwenye ghala la Pop!_OS matoleo ya pande hizo mbili hayakuwa yamelingana. Kwa hivyo apt ilipoulizwa "Steam inawezaje kuingia?", ikatafuta jibu, na jibu likapatikana: inaweza, kama wale wote wanaoshikilia lile toleo lingine wataondoka. Kihesabu, sahihi kabisa. Kibinadamu, upuzi. Apt haijui kwamba wewe unaipenda desktopu yako. Inajua tu kwamba ulisema Steam, na ikakuonyesha bei.

Linus angesoma orodha, kweli. Lakini nawapa heko watu wa apt kwa walichofanya baadaye. Hawakuishia kwa "mtumiaji alionywa". Walibadilisha tabia: kuanzia toleo la 2.3.12, apt haikubali tena uandike ile sentensi ya kuapa ukiwa katikati ya shughuli. Kama kweli unataka kuondoa pakeji za msingi, lazima uanze upya na uandike chaguo lake waziwazi tangu mwanzo. Na apt 3.0 ya 2025 inaonyesha pakeji zinazoondolewa kwa rangi nyekundu. Kitu kidogo, lakini jicho linakamata. Hao wangeweza kucheka pia. Walichagua kurekebisha mlango.

Mtu mwingine ataniuliza: kwani hao wa distro wanashindwaje kupanga mambo mapema tusione haya makosa kabisa?

Kwanza, wanapanga. Mara elfu wanapopanga vizuri huoni, unaona tu ile moja. Pili, hesabu yenyewe ni ngumu kwa maana halisi ya neno. Watafiti wa mradi wa Ulaya ulioitwa EDOS walionyesha miaka ya 2000 kwamba kuuliza tu "je, pakeji hii inaweza kuwekwa pamoja na mahitaji yake yote bila ugomvi?" ni swali la kundi moja na sudoku isiyo na kikomo cha ukubwa: hakuna njia ya mkato inayojulikana inayofanya kazi haraka kila mara. Apt inakisia kwa akili, na mara nyingi inapatia. Ikisema imeshindwa, inawezekana njia ipo na haikuiona, ama njia haipo kabisa. Ndio maana inahitaji macho yako.

Tatu, kuna mizunguko, na hii napenda kuieleza kwa sababu sote tunaijua. Kazi inataka uwe na uzoefu. Uzoefu unaupata kazini. Umehitimu, umekaa keja miaka miwili, mduara haufunguki. Pakeji nazo zina hiyo: A inataka B iwe tayari kwanza, B inataka A iwe tayari kwanza. Ukifuata sheria kwa herufi, hakuna anayesonga milele. Dpkg inafanya nini? Inatafuta kama kuna mmoja kwenye mduara ambaye hana skripti ya kuendeshwa baada ya kumwagwa, yaani hana kazi yoyote ya kufanya wakati wa kusetishwa. Huyo hataumia akitangulia bila mwenzake, kwa hivyo mduara unakatwa kwake. Kama wote wana skripti, inakatwa popote, na waliotengeneza hizo pakeji wameshaonywa na sheria za Debian kwamba mpangilio hapo haujahakikishwa. Ningependa waajiri wa Nairobi wasome hiyo sheria.

Watu wanaoshughulika na hii mipangilio, wengi wao kwenye Debian ni wa kujitolea, tangu mradi ulipoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Na Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian na kutoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa pesa za Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, imebeba jina ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Utu. Zamani walikuwa wanakutumia CD kwa posta bure. Sisemi haya ili ulie. Nasema kwa sababu ukilazimisha pakeji, ahadi unazovunja ziliandikwa na mtu, mara nyingi usiku, bila malipo, akifikiria mashine kama yako.

Haya. Sasa umekwama, ni saa tano usiku, kesho kuna kazi ya kuwasilisha. Ufanye nini?

Soma mstari unaotaja jina, si ule wa mwisho. Ujumbe wa mwisho kwamba umeshikilia pakeji zilizovunjika ni hitimisho; sababu iko juu yake, pale palipoandikwa fulani inategemea fulani. Ukishapata hilo jina, andika apt policy na jina lenyewe. Itakuonyesha una toleo gani, ni matoleo gani yanapatikana, na kila moja linatoka ghala gani. Kwa uzoefu wangu wa kusoma inboksi za watu, hapo ndipo tisa kati ya kumi zinafunguka, kwa sababu unakuta kuna ghala la nje uliloongeza miezi minane iliyopita kwa ajili ya programu ambayo hata huitumii tena, na ndilo linaloleta toleo lisilolingana na wengine. Angalia ndani ya /etc/apt/sources.list.d uone nani anaishi huko. Zima la nje, fanya apt update, jaribu tena. Na apt-mark showhold itakuambia kama kuna kitu ulikifunga kisipande ukasahau.

Kabla ya kukubali chochote, fanya jaribio la bure: apt -s install na jina. Ile -s inaigiza tu, haigusi diski, haili bando. Tazama sehemu ya vitakavyoondolewa. Kama umeomba kitu kimoja na hapo kuna vitu thelathini, simama.

Stima ikipotea katikati ya apdeti (na itapotea, tunaishi hapa), usifikirie umekwisha. Ulivyokuwa umepakua bado vimo kwenye /var/cache/apt/archives, hulipii bando mara mbili. Endesha sudo dpkg --configure -a, amalizie kusetisha vile alivyomwaga, halafu sudo apt --fix-broken install, na usome anachopendekeza kabla ya kukubali.

Kuhusu lile faili la kufuli, lock-frontend, ambalo kila klipu inakuambia ufute: tafadhali. Kufuli lipo kwa sababu kuna mwingine anafanya kazi ndani. Kwenye Ubuntu mara nyingi ni apdeti za usalama zinazojiendesha zenyewe ukishawasha mashine. Ukifuta kufuli unawaruhusu mafundi wawili waandike kwenye daftari moja kwa wakati mmoja. Pika chai. Kabla chai haijapoa atakuwa amemaliza.

Na ukiona Ubuntu inasema pakeji fulani zimezuiliwa nyuma, mara nyingi hakuna kilichovunjika. Baadhi ya apdeti zao hutolewa kwa awamu, kundi la mashine baada ya kundi, ili ikitokea hitilafu isiguse kila mtu. Zamu yako haijafika tu. Naona watu wakilazimisha hizi kila wiki, sijui wanakimbilia wapi.

Kuna wale watasema dawa ya kudumu ni kuhama kabisa: tumia Flatpak ama Snap, kila programu ije na maktaba zake, ugomvi uishe. Ni kweli unapungua sana, na kwa programu kubwa za kuhariri video mimi mwenyewe natumia Flatpak bila aibu. Lakini mtu wa Ulaya anayesema "diski ni bei rahisi, intaneti haina kikomo" hajawahi kununua bando ya saa moja. Ile programu ya kwanza ya Flatpak inaweza kukuvutia mamia ya MB za msingi wake kabla haijajileta yenyewe. Na mzigo wa kuziba mashimo ya usalama unahama kutoka maktaba moja ya wote kwenda kwa kila mwenye programu na msingi wake. Chagua ukijua unalipa nini. Kama uko kwa Mint, pia una Timeshift humo humo ndani: piga picha ya mfumo kabla ya kufanya makubwa, ukiharibu unarudi ulipokuwa jana.

Kwa wenzangu wa video, ombi langu ni dogo. Kama klipu yako ina neno force, onyesha kwanza ujumbe wa kosa uliokufikisha hapo, wote, na useme ni toleo gani la mfumo. Sekunde kumi tu zaidi. Kama huna hizo sekunde kumi, usiipost hiyo komandi.

Na nyinyi mnaonijazia inboksi, sijakataa, endeleeni. Ila msinitumie skrinshoti ya mstari wa mwisho na "buda nisaidie". Nitumieni ujumbe wote kuanzia komandi mliyoandika, pamoja na majibu ya apt policy ya pakeji iliyotajwa. Nitajibu wikendi, nikiwa na stima.